Maua ya kudumu kwa bustani ya Arusha na Moshi: anza na jua na maji

Kitaluni kila mche uliochanua unakuita. Kabla hujatoa hela, simama uani kwako asubuhi, adhuhuri na alasiri uone jua linafika wapi. Halafu pima: Agosti na Septemba, mvua zimekatika, utamwagilia mara ngapi kwa wiki? Hayo mawili ndiyo yachague maua, rangi ifuate.

Penye jua kali na maji haba, panda bogenvilia. Itazame kwa karibu: ile zambarau au chungwa ni majani mepesi kama karatasi, ua lenyewe ni kijimrija cheupe katikati. Ndiyo maana rangi hukaa wiki nyingi. Wengi huiharibu kwa kuipenda mno: maji kila siku, mbolea kila mwezi, nayo hutoa majani mabichi matupu. Ikishashika, acha udongo ukauke kwanza ndipo umwagilie. Wakati wa kupanda, chana kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) kwa wembe bila kutikisa udongo, maana mizizi yake hukatika upesi na mche hudumaa.

Kana ni kinyume chake. Mpe jua na maji mengi, hata pale yanapotiririkia maji ya bombani. Shina likimaliza kuchanua halichanui tena; likate hadi chini, machipukizi yapate nafasi. Pembeni yake agapanthasi ya bluu hupendeza sana, hasa kwenye ubaridi wa Arusha. Acha sentimita 40 kati ya mche na mche. Kivulini hutoa majani tu.

Jeraniamu usinunue, omba kipande kwa jirani. Kata sentimita 10, kiweke kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo uchomeke. Kikipandwa kibichi kwenye udongo uliolowa, shina huoza na kuwa jeusi chini. Masika ya Machi hadi Mei weka vyungu vyake chini ya upenu.

Ukinunua, chagua mche wenye matumba mengi kuliko maua yaliyofunguka, na pindua kiriba: mizizi iliyojiviringisha chini ni dalili ya mche uliokaa mno. Shimo liwe sentimita 40 kwa 40, uchanganye nusu debe ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Penye watoto wadogo, olianda na ua la tarumbeta viache kitaluni. Vinapendeza, lakini vina sumu.