Vijisanamu vya Wasaksoni na Waviking: chagua mwaka kwanza, boksi baadaye

Wadau wa gemu za vita za mezani huku Mbeya na Iringa, swali linalorudi kila siku ni lile lile, ninunue boksi gani la Wasaksoni na lipi la Waviking. Mimi nasema boksi subiri kwanza, niambie mwaka. Kutoka Waviking walipovamia monasteri ya Lindisfarne kule Uingereza 793 mpaka vita vya Hastings 1066 ni miaka zaidi ya 270, na watengenezaji wengi wanachanganya vitu vya vipindi vyote humo ndani, wanaandika nje "Viking" na imeisha hiyo.

Kama ndo unaanza, chukua kipindi kimoja kati ya hivi viwili: enzi za Alfred, mfalme wa Wasaksoni, yaani kuanzia jeshi kubwa la Waviking wa Denmark lilipotua Uingereza 865 mpaka alipowapiga Edington 878, au 1066 yenyewe, Stamford Bridge 25 Septemba dhidi ya Waviking wa Norway na Hastings 14 Oktoba dhidi ya Wanormani. Usijaribu kununua vya kutosha vyote viwili kwa mpigo, hela itaisha na jeshi halitaeleweka.

Ukishapata mwaka, angalia ngao. Enzi za Alfred ni duara tu, pande zote mbili, ina kitovu cha chuma katikati na mkono unashika kwa nyuma ya hicho kitovu. Zile ndefu zenye ncha chini kama tone la maji ni za karne ya 11, ukiziona kwenye boksi wakati unacheza 878 ziweke pembeni. Kwa 1066 changanya, maana kwenye lile pazia la Bayeux, kitambaa cha zamani kilichotariziwa picha za vita vya Hastings, Waingereza (ndo Wasaksoni hao hao) wana ndefu na wengine bado wana za duara. Saizi nayo icheki kwa rula: ngao halisi za kwenye meli ya Gokstad, meli ya Waviking iliyofukuliwa Norway, zina kama sentimita 90, kwa hiyo kwenye kijisanamu cha urefu wa milimita 28 inatakiwa iwe karibu sentimita moja na nusu. Kuna kampuni zinatoa vingao vidogo mno, mtu mzima amejificha kiganja tu, hapana bana.

Kofia sasa. Pembe hakuna. Kofia za pembe zilizokutwa Veksø kule Denmark mwaka 1942 ni za karibu miaka 900 kabla ya Kristo, Waviking hata hawajazaliwa. Ya Kiviking iliyobaki karibu nzima ni ile ya Gjermundbu, Norway, iliyopatikana 1943, ni bakuli la chuma na kinga ya macho kama miwani, basi. Ila hata hiyo usimvalishe kila mtu, mpe kiongozi mmoja, wengine kofia ya kawaida yenye kipande cha chuma cha kukinga pua au kichwa wazi. Upande wa Wasaksoni mtego ni kofia ya Sutton Hoo, iliyofukuliwa kaburini Uingereza, nzuri kweli kweli ina sura ya mtu na masharubu, kila boksi linaiweka, ila ni ya karne ya 7, kumvalisha mtu wa Alfred ni kama kumpeleka askari wa leo vitani na vazi la babu wa babu yake.

Deraya za pete za chuma ndo sehemu watu wanapochemka zaidi, kwa sababu vijisanamu vya deraya vinapendeza na vinapakwa rangi haraka. Mwaka 1008 mfalme Æthelred wa Uingereza aliagiza kila hide 8 za ardhi zitoe kofia moja na deraya moja, na hide moja ilihesabiwa kama ardhi ya kulisha familia moja. Familia nane, deraya moja, tena kwa amri ya mfalme! Kwa hiyo kwa enzi za Alfred mimi naweka mmoja au wawili kwenye kila kumi, mstari wa mbele, waliobaki wana kanzu fupi ya sufu, suruali, mkuki na ngao. Hastings ni tofauti, wale huskarli, askari wa kudumu wa mfalme Harold wa Uingereza, wengi wape deraya, na shoka kubwa la mikono miwili liko kwao pia, siyo la Waviking peke yao. Ila shoka hilo kubwa usilipeleke 793, bado mapema. Mwenye upanga ni mtu wa hela, silaha ya kawaida kabisa ni mkuki.

Na hapa ndo unaokoa pesa: ukitoa ngao na nywele, mkulima wa Kisaksoni na mtu wa kawaida wa Kidenmark hawatofautiani kihivyo, boksi moja la watu wa mikuki linatoa majeshi mawili. Tofautisha kwa rangi za ngao. Zile za Gokstad, zote 64, zilipakwa njano na nyeusi kwa kupokezana, ni mwanzo mzuri kwa Waviking wako. Nguo tumia nyekundu iliyofifia, buluu ya kupauka, njano, kahawia na rangi ya sufu yenyewe, rangi zilikuwa za mimea. Lile vazi la ngozi nyeusi mwili mzima na manyoya mabegani achana nalo, hilo ni la kwenye tamthilia.

Kuagiza: mzigo ukifika Dar unapandishwa basi kama vifurushi vingine, plastiki ni nyepesi kuliko za bati kwa hiyo usafiri unashuka. Mwenye rafiki na printa ya 3D mambo ni rahisi zaidi, ila faili nazo zikague kwa vigezo hivi hivi, nyingine ni fantasi tupu. Praima ya kupuliza, ile rangi ya kwanza ya chini, usiiguse siku ya ukungu na mvua, na huku kwetu hiyo ni miezi mingi, inatoka na unga unga juu, paka ya brashi tu.

Oda ya kwanza iwe boksi moja la mikuki, pakiti ya watu wanne watano wa deraya, na ngao za ziada. Farasi waache kwanza, hao watu walipanda farasi kwenda vitani ila kwenye kupigana wengi walishuka.