Bolti imekatikia ndani ya trekta la zamani? Usikimbilie drili

Wakuu, mvua za Novemba zinakaribia na huku kwetu Mbeya na Iringa ndo muda ambao matrekta yanafunguliwa kwa fujo, mengi ni zile Massey Ferguson 135, 165 na 290 ambazo zimelima Ismani na Usangu miaka na miaka. Na hapo ndo bolti zinapoanza kukatika. Zinazoua moyo kuliko zote ni stadi (bolti zisizo na kichwa, zenye thredi pande zote) za manifoldi ya ekzosi, yaani bomba la kukusanya moshi wa injini, maana zinapata moto na kupoa kila siku, kutu inajaa kwenye thredi mpaka stadi na hedi (sehemu ya juu ya injini) vinashikana kabisa. Ila nyingi zinatoka bila kuharibu hedi, mradi uwe na subira na uanze na moto kabla ya drili.

Kwanza haijakatika. Ukivuta spana ukaona inaenda kidogo halafu ukiachia inarudi yenyewe, ujue bolti haizunguki, inajikunja, na ukiongeza bomba kwenye spana hapo umeimaliza. Acha. Ikaze kidogo kama unafunga, uilegeze, uikaze tena, huku unadondoshea oili. Ukianza kuona oili inatoka na rangi ya kahawia basi kutu inasagika, endelea hivyo hivyo mbele nyuma, usiwe na haraka.

Sasa imeshakatika. Kama kimebaki kipande nje cha kushikika, safisha kwa brashi ya waya, mwagia oili ya kulegeza kutu, kama huna changanya oili ya ATF (ya giaboksi za otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, acha ilale mpaka kesho. Kesho yake igonge kichwani kwa nyundo, mapigo mafupi mafupi, kisha ushike na vaisgripu (koleo linalojifunga). Ikigoma leta gesi. Asetoni inashika moto haraka sana, kwa hiyo futa kila kitu kikauke kabla hujawasha, na dizeli, matambara na betri viwe mbali.

Moto unapasha chuma kinachozunguka stadi, siyo stadi yenyewe, ili tundu lipanuke. Zungusha moto polepole eneo lote maana hedi ni chuma cha kutupwa, ukichoma sehemu moja tu au ukimwagia maji ikiwa ya moto inapasuka, na kupata hedi nyingine siyo kazi ndogo. Ikishapata moto gusisha mshumaa pale stadi inapoingilia, nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya thredi. Wengi wanaidharau hii lakini inasaidia kweli.

Imekatikia usawa wa hedi? Hapa weldi ndo mkombozi. Weka washa (kile kipete bapa cha chuma chenye tundu) juu ya stadi, chomea katikati mpaka ishikane na stadi, halafu weka nati juu ya washa uijaze weldi kutokea ndani. Tumia kijiti cha kuchomelea cha 7018 cha milimita 2.5, na nati isiwe ya zinki, moshi wake ni sumu, kama ndo uliyonayo isage zinki kwanza. Kabla ya kuchomea toa waya za betri na za alteneta. Ukimaliza usishike spana hapo hapo, subiri wekundu uishe kabisa, kisha anza mbele nyuma kidogo kidogo. Inalia "kwii" halafu inaachia. Nati ikikatika chomea nyingine, ni kawaida tu, na kila ukichomea stadi inapata moto tena na kuzidi kulegea.

Drili ni ya mwisho. Sawazisha kichwa kwa faili, piga senta panchi katikati kabisa, anza na biti ndogo, panda taratibu. Ukipata biti zinazokata kinyume zinunue, mara nyingine stadi inatoka yenyewe wakati unatoboa. Zile ekstrakta za kuzungusha kinyume mimi naziogopa kwenye stadi nyembamba iliyoshikwa na kutu, ni chuma kigumu na ikikatikia ndani drili ya kawaida haiigusi, hapo umebadilisha tatizo dogo kuwa kubwa.

Ikishatoka pitisha tepu (kifaa cha kukatia thredi ndani ya tundu) kusafisha thredi, na hapa watu wanaharibu sana: injini za Perkins za zamani, ndizo zilizo kwenye Massey hizi, zina thredi za inchi, UNC (nene) na UNF (nyembamba), siyo milimita. Stadi ya 3/8 inafanana na M10 (ya milimita 10) kwa macho lakini haiingiliani, ukilazimisha unakula thredi za hedi. Pima kwa geji ya thredi, au beba stadi nzima ya upande wa pili uende nayo dukani mkalinganishe.

Wakati wa kurudisha paka grisi ya kopa (shaba) kwenye thredi, grisi ya kawaida inaungua pale kwenye ekzosi, na ukipata nati za brasi weka hizo maana hazishikwi na kutu kama za chuma. Washa injini, iache ipate moto, izime, ikishapoa uzikaze tena.