Somo: Kupachika diski na nafasi za majina katika Linux

Baadhi ya wanachama wa hapa Lamu, walipokuwa wakihamisha picha za Maulidi ya Riyadha, walipachika diski ya nje (yaani waliiunganisha na mti wa folda wa Linux) juu ya folda iliyokuwa na picha za mwaka uliotangulia, wakaona zote zimetoweka, wakadhani zimefutwa. Hazikufutwa, na somo hili linaeleza zilikokuwa.

Hatua ya kwanza ni kuitambua diski. Windows kwa kawaida huipa kila diski herufi yake, ilhali Linux ina mti mmoja wa majina unaoanzia kwenye mkwaju, /, na kila diski hutafutiwa mahali ndani ya mti huo. Andika lsblk -f, nawe utaonyeshwa jina la kila sehemu ya diski, kwa mfano sdb1, aina ya mfumo wake wa faili na UUID yake, yaani kitambulisho chake cha kipekee.

Hatua ya pili, ukiwa na mamlaka ya msimamizi, tengeneza folda tupu kwa mkdir /mnt/maulidi, kisha andika mount /dev/sdb1 /mnt/maulidi. Amri hiyo hainakili faili hata moja. Huongeza mstari tu katika orodha inayotunzwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Tangu hapo, programu yoyote ikiifuata njia hiyo, kerneli ikifika kwenye folda ya maulidi huiacha na kuvuka hadi mzizi (folda ya juu kabisa) wa diski iliyopachikwa. Kama folda ilikuwa na kitu, kitu hicho kimefunikwa, kama andiko lililowekewa karatasi juu, nacho huonekana tena mara diski inapobanduliwa. Ndiyo sababu nasisitiza folda iwe tupu.

Hatua ya tatu ni kukagua kwa findmnt, na kubandua kwa umount /mnt/maulidi (bila herufi n ya kwanza, ambayo wengi huiongeza) kabla ya kuchomoa kebo, kwa kuwa kerneli huweka data kwenye kumbukumbu kwanza na kuipeleka diskini baadaye. Ukitaka diski ipachikwe kila mashine inapowaka, iandike katika faili ya /etc/fstab kwa UUID, maana jina sdb1 laweza kubadilika, na uongeze neno nofail, ili mashine iwake hata diski isipokuwepo.

Hatua ya nne ni nafasi za majina (namespaces), yaani kuipa programu mti wake yenyewe wa majina. Orodha niliyoitaja si lazima iwe moja kwa mashine nzima. Wazo la kila mchakato (programu inayoendeshwa) kuwa na mti wake lilikomazwa katika Plan 9, mfumo endeshi wa Bell Labs, na Linux ikalipokea mwaka 2002 katika kerneli 2.4.19, na leo kontena za Docker, zinazoendesha programu zikiwa zimetengwa, zinalitegemea. Andika unshare --mount bash, kisha pachika diski humo: dirisha jingine la amri halitaiona. Zingatia kwamba kinachonakiliwa ni orodha, si faili, hivyo ukifuta faili iliyo kwenye diski ya pamoja, imefutwa kwa wote.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Langoni: Ustadhi, umount inakataa, inasema diski inatumika. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, kuna mchakato uliofungua faili humo au uliosimama ndani ya folda hiyo, na mara nyingi ni dirisha lako mwenyewe. Toka kwa cd /, kisha utafute wengine kwa fuser -vm /mnt/maulidi. Chaguo la umount -l huondoa jina tu. Diski yaweza kuwa bado inaandikwa, kwa hivyo usichomoe kebo kwa kulitegemea.

Mwanachama, Shela: Programu yangu imejitengenezea nafasi mpya, lakini nilichopachika ndani kimeonekana nje pia. Kwa nini?

Jibu: Dada, systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine, huufanya mti wote kuwa wa kushirikiana, na nafasi mpya hurithi ushirikiano huo, hivyo linalopachikwa upande mmoja huenea upande wa pili. Programu yako itekeleze kwanza mount --make-rprivate / ikiwa ndani ya nafasi mpya. Amri ya unshare hulifanya hilo yenyewe tangu toleo la 2.27 la util-linux, kifurushi kilicho na amri hiyo.

Mwanachama, Mkomani: Je, folda moja yaweza kuonekana mahali pawili bila kunakiliwa?

Jibu: Yaweza, kwa mount --bind, na hata faili moja yaweza kupachikwa juu ya faili nyingine kwa njia hiyo hiyo.