Spitfire ya Mbao kwa Kipimo cha 1:32: Namna ya Kuichonga na Kuipaka Rangi

Mwongozo huu unahusu Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, ya mwaka 1940, ile ya toleo la kwanza iliyobeba bunduki nane ndani ya mabawa, na unahusu kuichonga kwa mbao, si kuiunganisha kwa vipande vya plastiki vya kununua. Nimechagua mbao kwa sababu hapa Mtwara visanduku vya vipande hivyo havipatikani madukani, ilhali mabaki ya mninga kwa maseremala huishia kuwa kuni. Isitoshe, njia hii ina historia yake: mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege za mfano 500,000 kwa kipimo cha 1:72, ili askari wajifunze kuitofautisha ndege ya rafiki na ya adui. Ndege hizo zilipakwa rangi nyeusi tupu, kwa kuwa kilichotakiwa kilikuwa umbo. Hapa pia nitatanguliza umbo kabla ya rangi, kwa maana makosa mengi ambayo watu huyaita makosa ya rangi ni makosa ya msasa na tupa yaliyoonekana baada ya rangi kukauka.

Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, na urefu wa mita 9.12. Ukigawanya kwa 32 utapata upana wa sentimita 35.1 na urefu wa sentimita 28.5, ukubwa unaoshikika vizuri mkononi na unaosamehe mkono usiozoea. Tafuta intanetini mchoro wa pande tatu wa toleo la kwanza, uende nao steshenari, na umpe mhudumu asilimia kamili badala ya kumwambia akuze tu: kama mabawa kwenye karatasi yako yana sentimita 20, mwombe asilimia 175.5 kwenye karatasi ya A3. Kisha, kabla ya kulipa, pima mabawa na pia urefu wa ndege, kwa kuwa baadhi ya mashine huvuta picha upande mmoja. Mimi niliwahi kugundua jambo hilo nikiwa nimekwisha kukata kiwiliwili, na ndege ile ilikuwa fupi kwa milimita sita.

Kuhusu mbao, usishawishike na mpingo kwa kuwa tu unasifika huku kwetu. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na mgumu kiasi cha kuchosha patasi, na ni ufujaji kuufunika kwa rangi. Uhifadhi kipande kidogo cha kigingi cha kusimamishia ndege. Msonobari ni mwepisi na rahisi kukata, lakini vifundo vyake hutoa utomvu ambao hupenya rangi na kuacha madoa ya kahawia. Mninga ndio ninaoupenda, kwa sababu haujikunji sana hewa inapobadilika, na hewa ya pwani yetu hubadilika mno. Mwombe seremala kipande kikavu, ukiweke ndani ya nyumba majuma matatu au manne, na ukiweza anza kazi mwezi Juni, mvua zikiwa zimekwisha na kusi ikivuma. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua, kwa hiyo funga kitambaa puani kila unapopiga msasa.

Kiwiliwili huchongwa kutoka gogo moja la mstatili ambalo nyuzi zake zinakwenda kwa urefu wa ndege. Bandika umbo la ubavuni upande mmoja na umbo la juu upande wa pili, ukate kwanza umbo la ubavuni kwa msumeno mwembamba, urudishe vipande ulivyokata mahali pake kwa utepe, kisha ukate umbo la juu. Usipovirudisha, gogo litayumba mezani na msumeno utakwenda mrama. Baada ya hapo utabaki na kiwiliwili chenye kona nne, na kazi ni kuzifuta kona hizo kwa patasi, kisha tupa, kisha msasa wa namba 80, 120 na 240 kwa zamu. Kata vigezo vitatu vya kadibodi kutoka kwenye mchoro, cha pua, cha chumba cha rubani na cha kuelekea mkiani, uvipachike mara kwa mara pembeni mwa mbao ukiielekeza dirishani. Mwanga ukipita kati ya kadibodi na mbao, unajua hasa mahali pa kuendelea kukwangua. Mchongaji mmoja wa Mikindani, aliponiona nikikata kwa pupa, aliniambia, «Mwanangu, usikate kuelekea pale nyuzi zinapozama, zitakuvuta na kisu,» akaligeuza gogo mkononi mwangu bila kukigusa kisu. Tangu siku ile hugeuza mbao kabla ya kugeuza mkono.

Bawa ndilo linaloifanya Spitfire kuwa Spitfire, na ndilo watu wanaloliharibu zaidi. Mbunifu wake, R. J. Mitchell, ambaye ndege yake iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, alikubali umbo la duaradufu kwa kuwa liliruhusu bawa liwe jembamba huku likibaki na nafasi ya magurudumu na bunduki karibu na shina. Usilichore kwa kukisia. Chora mstari wa katikati ya ndege, kisha upime upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma kwenye vituo hivi: kwenye mstari wa katikati ni sentimita 7.9; ukienda nje sentimita 8.8, upana ni 6.8, kwenye sentimita 13.2 ni 5.2, na kwenye sentimita 15.8, karibu na ncha, ni 3.4. Ukingo wa mbele umejipinda kidogo tu na wa nyuma umejipinda sana, hivyo ncha ya bawa huangukia upande wa mbele. Anayeipinda kingo zote mbili sawasawa hupata jani la mkorosho, zuri kwa haki yake, lakini si ndege hii.

Kila bawa likatwe peke yake, nyuzi zikienda kutoka shinani hadi nchani. Bawa langu la kwanza lilikuwa na nyuzi zilizokwenda kinyume, na ncha yake ilikatika kama biskuti nilipokuwa nikipiga msasa wa mwisho. Unene shinani uwe milimita 10, upungue polepole hadi kama milimita 2 nchani, na sehemu nene zaidi iwe karibu na theluthi ya kwanza kutoka mbele, si katikati. Upande wa juu uwe na mgongo, wa chini uwe umejaa kidogo tu. Ukingo wa nyuma lazima uwe mwembamba kama kadi, na hapo mbao hubomoka. Tiririsha gundi ya supaglu iliyo nyepesi kwenye ukingo huo, uiache ikauke, kisha umalizie kwa msasa wa namba 400. Ukingo utakuwa mgumu kama ukucha.

Mabawa huungwa kwa vijiti viwili vya mwanzi kila upande, vikiingia kwenye matundu yaliyotobolewa kwa keke, pamoja na gundi nyeupe ya maseremala. Mabawa ya Spitfire yameinuka kwa digrii 6, yaani kwa ukubwa wetu ncha hukaa juu ya shina kwa takriban sentimita 1.7. Laza ndege juu ya meza tambarare, weka chini ya kila ncha kipande cha mbao cha kimo kimoja, kisha simama mbele na utazame: jicho hugundua bawa lililopinda upesi kuliko rula. Acha usiku kucha. Pembe kati ya bawa na kiwiliwili hujazwa kwa bodi fila ya wapiga rangi za magari, ikipanguswa kwa kidole kilicholowa ili iwe na mteremko laini, nao ni mpana zaidi kuelekea nyuma. Changanya kiasi cha harage moja tu kila mara, maana kwa joto la hapa huganda kabla hujamaliza kuipanga.

Mkia ni rahisi: pezi la wima na mabawa madogo hukatwa kwenye ubao wa milimita 3 na kuchomekwa. Chini ya mabawa kuna jambo ambalo wengi hulikosea kwa kupenda usawa. Toleo la kwanza lina rejeta kubwa ya mraba chini ya bawa la kulia na kipoza oili kidogo cha mviringo chini ya bawa la kushoto, navyo havifanani. Rafadha ina panga tatu, kipenyo chake ni karibu sentimita 10, nayo huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka mbele, hivyo hakikisha msokoto wa panga unafuata mwelekeo huo. Magurudumu nashauri yaachwe yamekunjwa na ndege isimame juu ya waya na kile kipande cha mpingo. Tundu la waya litobolewe sasa, kabla ya rangi.

Kioo cha rubani hutengenezwa kwa chupa ya maji. Chonga umbo la kioo kwa mbao, ulisugue mpaka liteleze, kata kitako cha chupa, uliingize ndani, kisha ushike chupa kwa koleo juu ya jiko la mkaa, umbali wa shibiri moja, ukiizungusha. Plastiki itanywea na kulishika umbo. Fanya hivyo nje, na utarajie kuharibu chupa mbili kabla ya kupata iliyo safi.

Sasa rangi. Paka kwanza andakoti nyepesi ya kijivu, ikauke, na uikague ndege kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Mikwaruzo yote uliyodhani imekwisha itajitokeza. Rudia fila na msasa mpaka tochi isione kitu, hata kama ni mara tatu. Rangi za mafuta za kopo dogo, nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, buluu na kijani, zinatosha kuchanganya zote zinazohitajika. Upande wa chini katika kiangazi cha 1940 ulikuwa kijani kilichopauka kama yai la bata: nyeupe nyingi, njano kidogo, buluu kidogo zaidi, na tone la nyeusi. Juu kulikuwa na mabaka ya kahawia ya udongo mkavu, karibu na rangi ya makumbi ya nazi yaliyokaa juani, na kijani kizito cha jani kuukuu la mwembe. Udongo wa Newala ni mwekundu mno, usiufuate. Kila rangi uiongeze nyeupe kidogo, kwa kuwa kitu kidogo kikipakwa rangi kamili ya kitu kikubwa huonekana cheusi kuliko kilivyo. Rangi hizi hung'aa na ndege zile hazikung'aa. Koroga humo poda ya mtoto kiasi cha ncha ya kijiko, kisha uichuje kwa soksi ya nailoni ili isiache chembe.

Anza na upande wa chini, fuata kahawia juu yote, kisha chora mipaka ya kijani kwa penseli na ujaze kwa brashi laini. Viwandani mabaka yalipangwa kwa mitindo miwili, mmoja ukiwa taswira ya mwingine kwenye kioo, hivyo ukiona picha mbili zinazopingana usidhani moja ni ya uongo. Kati ya tabaka moja na jingine, nusa. Kama bado inanukia tina, ndani haijakauka hata kama kidole hakishiki kitu. Mwezi wa Machi mmoja, mvua ikinyesha, nilikosa subira nikabandika utepe wa kuzibia baada ya siku mbili, nao ulipotoka ulitoka na rangi ya bawa zima mpaka kwenye mninga.

Duara za kiwiliwilini, yaani alama za jeshi la anga la Uingereza, hufuata uwiano wa 1:3:5:7, na kwa bahati njema kipimo chetu huleta vipenyo vya milimita 4, 12, 20 na 28. Paka njano ya 28 kwanza, kisha buluu, nyeupe, na mwisho nyekundu, ukikata utepe kwa bikari iliyofungwa ncha ya wembe badala ya penseli. Nyekundu ya milimita 4 usihangaike nayo kwa brashi: tafuta msumari ambao kichwa chake kina milimita 4, ukichovye kidogo na kukigusisha mara moja. Juu ya mabawa duara ni mbili tu, buluu ya milimita 44 yenye nyekundu ya 18 katikati. Nyekundu iwe ya tofali, na buluu iwe iliyofifia.

Kuna wasomaji ambao babu zao walipelekwa Burma katika vita hivyo na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na wangependa ndege ya huko. Rangi zake zinavutia, kwa maana nyekundu iliondolewa kwenye duara ili zisichanganywe na za Wajapani, zikabaki buluu za aina mbili. Lakini toleo la nane lililotumika sana huko lina panga nne na rejeta mbili zinazolingana. Ukitaka alama zile, chonga ndege ile tangu mwanzo.

Malizia kwa vitu vidogo. Ncha za panga nyeusi zipate njano ya milimita 3. Kwenye ukingo wa mbele wa kila bawa bandika vipande vinne vya karatasi nyekundu, kwa kuwa midomo ya bunduki ilizibwa kwa kitambaa chekundu ambacho risasi za kwanza zilikitoboa. Ndege yenye vitambaa hivyo ni ile ambayo bado haijafyatua. Uzi mmoja wa nailoni uende kutoka mlingoti ulio nyuma ya rubani hadi juu ya pezi la mkia, ushikwe kwa tone la gundi kila upande, na ndege isiguswe mpaka kesho yake, ikishikwa wakati wote kwa kiwiliwili na kamwe si kwa mabawa.