Somo: Kumtembeza mtoto Posta na Kivukoni siku ya Muungano

Mwaka huu tarehe 26 Aprili nilimchukua binti yangu wa miaka saba tukaenda mjini, mimi na yeye tu. Wenzangu kadhaa wa kundi hili wameniuliza tulizungukaje kutwa na mtoto akarudi bado anaimba, kwa hiyo naandika hatua kwa hatua. Tunakaa Kimara, maelezo yangu yanaanzia huko.

Safari yenyewe ilizaliwa na daftari lake la shule. Walikuwa wamechora ile picha tuliyokua nayo sote: Mwalimu Nyerere anamimina udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar kwenye chungu kimoja, mwaka 1964. Akaniuliza, "Mama, hapa ni wapi?" Nikamwambia ni hapa hapa Dar, Ukumbi wa Karimjee. Alinikazia macho kama nimemwambia uongo. Nikasema sikukuu hii haipiti tumekaa mbele ya runinga.

Hatua ya 1: Tazama mawingu kwanza. Aprili ni masika. Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani, njia yetu ya kwenda mjini, hapapitiki na mabasi ya mwendokasi husitisha safari. Mvua ikipiga usiku kucha, mwambie mtoto ukweli asubuhi na mwahirishe. Nane Nane ni kiangazi na njia ni ile ile. Ikiwa ni manyunyu, nendeni. Koti la mvua, yeboyebo miguuni, na nguo moja ya kubadilisha kwenye begi.

Hatua ya 2: Mwandikie namba yako ya simu mkononi. Kwa kalamu ya wino, juu ya kiwiko, mahali ambapo jasho halifiki haraka. Hili silisemi kwa kubahatisha. Sikukuu moja iliyopita, kwenye kusukumana kuingia basi, mkono wake ulichomoka kwenye wangu. Dakika kama nne hivi. Nilimkuta amesimama na mama mmoja muuza karanga, ambaye alikuwa anamuuliza namba ya mama yake naye haijui. Tangu siku hiyo namba naiandika, na tumeiimba nyumbani mpaka ameikariri.

Hatua ya 3: Ondokeni saa mbili asubuhi. Kadi ya mwendokasi iwe na salio, na mfukoni uwe na chenji. Shukeni Posta ya Zamani. Raha ya sikukuu ni kwamba mitaa ya mjini imetulia: maduka mengi yamefungwa, magari machache, mtoto anavuka barabara bila wewe kumburuta. Mbele yenu ni Kanisa la Azania Front lenye paa jekundu. Pandeni mtaa mpaka kwenye mzunguko wa Samora, ilipo Sanamu ya Askari. Imesimama pale tangu 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Mpe mtoto asome ya Kiswahili kwa sauti, usimsaidie haraka. Wangu alikwama kwa neno moja, akarudia mara tatu, mzee mmoja aliyekuwa anapita akasimama kumsikiliza hadi akamaliza.

Hatua ya 4: Makumbusho ya Taifa, saa moja tu. Fuateni Samora moja kwa moja hadi Mtaa wa Shaaban Robert. Siku moja kabla, piga simu uhakikishe wamefungua, na ubebe kitambulisho maana kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Usijaribu kuona kila kitu. Chagueni viwili. Sisi tulichagua habari za Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu aliyegunduliwa na Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959, na magari ya zamani ya viongozi. Magari ndiyo yaliyomshika zaidi. Kabla hamjatoka, nendeni chooni hata kama mtoto anasema hajisikii.

Hatua ya 5: Karimjee. Ni jirani kabisa, mkipita kando ya Bustani ya Mimea mnatokea. Bunge letu lilikuwa likikaa pale kabla ya kuhamia Dodoma. Hatukuingia ndani, tulisimama nje tukitazama jengo. Nikamsimulia: Mwalimu na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano Zanzibar, tarehe 22 Aprili, kisha udongo ukachanganywa hapa. Akauliza, "Sasa udongo wenyewe uko wapi?" Nikamwambia ukishachanganywa huwezi kuutenga tena, huu wa huku na huu wa kule. Akanyamaza. Halafu akachuchumaa kando ya njia, akachota mchanga kwa kizibo cha soda, akaumimina kwenye chupa yake ya maji iliyokwisha.

Niwaombe wazazi hapa. Mtoto akichuchumaa hivyo, muache. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia anachafua nguo, na namshukuru Mungu nilinyamaza.

Hatua ya 6: Pantoni, yaani kivuko cha kwenda Kigamboni. Hii ndiyo sehemu mtoto ataisimulia shuleni, kwa hiyo mfike bado ana nguvu. Kutoka Karimjee hadi Kivukoni ni mwendo wa miguu. Mkipita karibu na Ikulu, simu ibaki mfukoni, pale hapapigwi picha. Nilipovuka mara ya mwisho nililipa shilingi 200 kwa mtu mzima. Geti likifunguliwa watu hukimbia. Ninyi kaeni pembeni, mwingie wa mwisho. Kama pantoni ina ngazi ya juu na nafasi ipo, pandeni, mtoto akae upande wa ndani na wewe upande wa bahari.

Tulikuwa bado hatujang'oa nanga pantoni ikasubiri, kwa sababu mlango wa bandari ni mwembamba na chombo kikubwa kikipita sisi wadogo tunakipisha. Ikapita boti ya Unguja, karibu kiasi cha kuona watu wanapunga mikono. Nikamwambia ile baada ya saa mbili hivi itakuwa Zanzibar. "Zanzibar ya kwenye picha?" Ndiyo, hiyo hiyo. Mawimbi ya boti yakatufikia, pantoni ikayumba kidogo, akanishika kiunoni kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na chupa. Alipunga chupa.

Kuvuka kwenyewe hakufiki dakika kumi. Kigamboni tulikunywa madafu, akaongeza mchanga wa kule kwenye chupa, tukarudi.

Hatua ya 7: Kuleni, kisha nyumbani. Mihogo ya kukaanga na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Saa nane tulikuwa kwenye mwendokasi, tumepata siti kwa sababu Kivukoni ndiko gari linakoanzia. Wengine wataondoka saa kumi na moja na watasimama hadi mwisho.

Maswali ya wanachama

Tabata: *Dada, asante kwa somo. Huku kwetu mwendokasi haujafika, tufanyeje?*
Pandeni daladala ya Posta au Kivukoni na mwanzie hatua ya tatu. Kaa na mtoto siti za mbele, nyuma joto litamchosha kabla hamjafika.

Kibaha: *Nina wa miaka saba na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Niwabebe wote?*
Inawezekana ukiwa na mtu mzima mwenzako. Mdogo abebwe kwa mbeleko, kigari kitakusumbua kwenye vijia na zaidi kwenye pantoni. Ukiwa peke yako, mwache mdogo kwa bibi. Mkubwa naye anahitaji siku ambayo mama hamgawani na mtu.

Mbezi: *Mwanangu anaogopa maji sana. Nimlazimishe?*
Usimlazimishe, kaka. Kaeni Kivukoni mtazame pantoni ikienda na kurudi mara mbili tatu, mhesabu magari yanayoshuka. Akisema twende, nendeni. Asiposema, nendeni soko la samaki hapo Feri mkaone ngisi na pweza.

Kigamboni: *Sisi tunatokea ng'ambo, pantoni tunaipanda kila siku. Mtoto ataona nini kipya?*
Geuzeni ratiba. Pantoni iwe usafiri tu, na muda wote uwe wa makumbusho na Karimjee. Muulize pia yeye akuoneshe njia ya kutoka Kivukoni hadi Sanamu ya Askari, wewe ufuate nyuma.

Unguja: *Shikamoo dada. Tunataka kuja na kijana wetu Muungano ujao. Tukishuka bandarini tuanzie wapi?*
Marahaba. Bandarini mnatokea Barabara ya Sokoine, jirani na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Fuateni barabara hiyo hiyo, bahari ikiwa kuliani, mtafika Azania Front, na hapo mnaingia hatua ya tatu kama sisi. Tiketi ya kurudi kateni mapema, sikukuu boti hujaa. Na binti yangu ana ombi: mmletee udongo wa Unguja, kiganja kimoja tu, chupa bado ina nafasi.