Klabu Ifanye Nini Mchezaji Anapotuhumiwa Kumpiga Mkewe

Mwongozo huu ni kwa viongozi wa klabu za Mwanza na za mwambao wa Ziwa Victoria, ambako malalamiko ya namna hii kwa kawaida hufikishwa kwa mwenyekiti au kwa kocha, naye huombwa ayamalize kifamilia.

Kanuni iandikwe kabla tuhuma haijatokea. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ilijifunza hilo kwa fedheha: Julai 2014 ilimfungia Ray Rice wa Baltimore Ravens mechi 2 tu kwa kumpiga mchumba wake, Agosti ikatangaza kwamba kosa la kwanza la aina hiyo litaanzia adhabu ya mechi 6 bila malipo, na Septemba, video ya tukio ilipoonekana hadharani, ikamfungia kwa muda usiojulikana. Novemba msuluhishi aliitengua adhabu hiyo ya pili, kwa kuwa mchezaji alikuwa ameshaadhibiwa kwa kosa lile lile. Kwa hiyo, andikeni adhabu mapema, na kila mchezaji aisaini anapojisajili.

Tuhuma ikifika, usalama wa mwanamke hutangulia. Akiwa ameumia, apelekwe hospitali. Sekou Toure na Bugando ziko mjini. Aelekezwe pia kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ambako atapewa PF3, fomu ya polisi ya kupelekwa hospitali, na kwa Kivulini, shirika la Mwanza linalotetea haki za wanawake. Kiongozi asimwite ofisini akae meza moja na mumewe, hata kama wachezaji wote humwita shemeji na wanadhani wanamtakia mema. Mwanamke anayesikilizwa mbele ya aliyempiga, huku wanaume watano wakimtazama, atasema amesamehe, na kauli hiyo haina uzito wowote. Achaguliwe mtu mmoja wa kuzungumza naye, ikiwezekana mwanamke asiye na cheo katika klabu, na jina la aliyepigwa lisitajwe kwenye makundi ya WhatsApp ya mashabiki.

Mchezaji asimamishwe kwa muda mfupi unaojulikana wakati uchunguzi ukiendelea. Kanuni ambayo ligi ya besiboli ya Marekani, MLB, ilikubaliana na chama cha wachezaji Agosti 2015 inaruhusu mapumziko ya hadi siku 7, na inamruhusu kamishna, yaani mkuu wa ligi, kutoa adhabu hata pasipo hukumu ya mahakama. Ndivyo mchezaji Aroldis Chapman, aliyetuhumiwa kumshambulia mpenzi wake, alivyofungiwa mechi 30 mwaka 2016 ingawa hakufunguliwa mashtaka. Kusubiri mahakama pekee, kwa maoni yangu, ni kujificha. Hata hivyo mchezaji naye asikilizwe na apewe nafasi ya kukata rufaa. Huku kwetu, ambako wachezaji wengi pia ni wavuvi, muda usiokuwa na kikomo humpa nafasi ya kwenda kambi za visiwani Ukerewe hadi watu wasahau, basi tarehe ya kikao iandikwe kwenye barua ya kumsimamisha.

Kuhusu posho, tafakarini sana kabla ya kuikata, kwa sababu huenda ndiyo inayolisha watoto wa mwanamke yuleyule aliyepigwa. Kumnyima mchezaji mechi na unahodha humgusa yeye mwenyewe. Akidai kwamba mume ana haki ya kumrudi mkewe, asomewe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, kinachokataza waziwazi adhabu ya viboko kati ya wanandoa.