Namna ya Kuhariri Miongozo ya Programu Huria Iliyoandikwa na Watu wa Kujitolea

Miongozo ya LibreOffice, mkusanyiko huria wa programu za ofisi, ule wa wanaoanza pamoja na ile ya Writer (programu ya kuandikia) na Calc (programu ya majedwali), huandikwa na watu wa kujitolea walio katika nchi mbalimbali chini ya The Document Foundation, taasisi inayosimamia LibreOffice, na kila sura huwa faili lake la ODT, yaani muundo wa Writer, ambalo mmoja huliandika, mwingine hulihakiki na mwingine tena hulihariri. Kwa hiyo mhariri anayepokea sura hukuta mikono mingi ndani yake: aya moja ni ya fundi anayedhani kila mtu anajua alijualo yeye, na inayofuata ni ya mwalimu anayelieleza jambo moja mara tatu. Kishawishi cha kwanza ni kukimbilia tahajia na alama za uakifishaji. Kizuie, maana mkato uliokosekana humkera msomaji, ilhali hatua iliyorukwa humkwamisha kabisa.

Anza kwa kufungua programu yenyewe, toleo lile lile linaloelezwa. Jambo hili huonekana dogo mpaka namba zibadilike: baada ya 7.6 ya mwaka 2023, LibreOffice iliyofuata ilikuwa 24.2, yaani mwaka 2024 mwezi wa pili, na mwongozo uliorithiwa kutoka matoleo ya nyuma unaweza kubeba picha za skrini ambazo msomaji wa leo hazioni tena kwenye kompyuta yake. Fuata kila hatua kwa kipanya, ukifanya kile tu kilichoandikwa, bila kujisaidia kwa ujuzi wako. Mahali utakapokwama ndipo penye kazi yako. Jina la kitufe liandikwe kama lilivyo kwenye skrini, hata kama wewe unalo neno zuri zaidi.

Kabla ya kugusa herufi yoyote, washa kirekodi cha mabadiliko. Katika Writer ni Ctrl+Shift+C. Mwandishi wa kujitolea halipwi, na akirudishiwa sura yake imegeuzwa bila kuonyeshwa kilichobadilishwa wala sababu yake, hana kinachomlazimu kuandika nyingine. Pale usipokuwa na hakika, usisahihishe kwa kubahatisha, bali weka maoni pembeni kwa Ctrl+Alt+C, uulize swali linalojibika: «Kisanduku hiki hakikufunguka kwangu, je, kuna mpangilio unaopaswa kuwashwa kwanza?» Maoni ya «haieleweki» hayamsaidii mtu.

Tuchukue aya ya Calc kuhusu kuhifadhi jedwali kama CSV, yaani faili la maandishi matupu, badala ya ODS, muundo wa Calc yenyewe, kama inavyoweza kuandikwa kwa Kiswahili:

«Chagua Hifadhi Kama kwenye menyu ya Faili, kisha chagua CSV na kubofya Hifadhi. Mtumiaji akumbuke kwamba laha moja tu ndiyo itakayohifadhiwa na fomula zake hazitakuwepo.»

Kisarufi haina kosa kubwa, na kikagua tahajia kitaipitisha. Lakini onyo limekuja baada ya tendo, na msomaji wa mwongozo hutenda huku akisoma. Atakapofika kwenye sentensi ya pili, huenda ameshafunga faili. Aidha, anayeambiwa «chagua» ghafla anageuka kuwa «mtumiaji», kana kwamba ni mtu mwingine. Kasoro ya tatu huonekana kwa kutenda tu: baada ya kubofya, programu huuliza kama kweli unataka muundo huo, kisha hufungua kisanduku cha kuchagua kitenganishi, yaani alama inayotenganisha data, na mwandishi hakuyataja yote mawili. Baada ya kuhaririwa:

«Kwanza hifadhi kazi yako katika muundo wa ODS, kwa sababu faili la CSV huchukua laha iliyo mbele yako tu, na huacha fomula na mapambo. Fungua menyu ya Faili, chagua Hifadhi Kama, chagua muundo wa CSV, kisha bofya Hifadhi. Programu ikiuliza, thibitisha kwamba unataka CSV. Katika kisanduku kinachofuata, chagua kitenganishi, kisha bofya Sawa.»

Aya imerefuka, na ni sawa irefuke. Wanaoamini kwamba kuhariri ni kufupisha wangeikata na kumwacha msomaji njiani.

Kuna sehemu ambazo kalamu ya mhariri haipaswi kuzigusa, nazo ni amri na fomula. Amri kama soffice --headless --convert-to pdf ripoti.odt ina vistari viwili viwili kwa makusudi, lakini Writer, kwa masahihisho yake ya kiotomatiki, inaweza kuviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu unapoichapa upya, na amri ikafa bila jicho kugundua. Alama za kunukuu zilizopinda huleta balaa lile lile. Ukiona badiliko hilo, bonyeza Ctrl+Z papo hapo. Katika fomula, nukta mkato inayotenganisha vigezo si kosa la uakifishaji: Calc hutumia mkato au nukta mkato kulingana na mpangilio wa lugha na nchi, kwa hiyo uliza mwongozo umechagua upi, kisha uufuate kote.

Tahajia, herufi kubwa na istilahi zinazoyumba ndizo zifuatie sasa, kwa kufuata kiolezo na mwongozo wa mtindo wa mradi. Ctrl+H itakusaidia kusawazisha istilahi, ila usibadilishe zote kwa mkupuo, maana neno hilo hilo linaweza kuwa ndani ya amri.

Ukikutana na aya ambayo ghafla ina lugha laini kuliko sura nzima, muulize mwandishi imetoka wapi. Miongozo hii hutolewa chini ya leseni ya GPL toleo la 3 au jipya zaidi, au Creative Commons Attribution 4.0, na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwingine bila ruhusa hayawezi kuingia humo. Katika ukurasa wa hakimiliki, ongeza jina lako kwenye orodha ya waliochangia, wala usiondoe la mtu kwa sababu umeandika upya aya zake.

Mwandishi akishajibu maswali yako na mabadiliko yakakubaliwa, fungua Kielekezi kwa F5 ukague vichwa vya habari na ngazi zake, sasisha yaliyomo, kisha toa PDF uisome toka mwanzo, kwa kuwa picha zilizohama na vichwa vilivyobaki peke yake chini ya ukurasa huonekana hapo.